Ghia ya 1968 inapata joto Mabira: nirudishe injini ilivyokuwa au nibadilishe kabisa?

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Salaam kwenu wote. Kiswahili changu ni cha kambini, nilikiokota polisi nikiwa karakana ya magari miaka 24, kwa hiyo mkiona ngeli zimegongana barabarani mzipite tu kando.

Nina Karmann Ghia, ile Volkswagen ya milango miwili iliyolala chini kama mjusi anayeota jua. Ilikuwa ya mjomba wangu. Aliinunua mnadani hapa Jinja mwaka 1973. Ilikuwa ya nani kabla ya hapo hakuwahi kusema, na miaka ile watu walijua maswali gani hayaulizwi. Aliiendesha mpaka 1989, ikazimika Walukuba, ikasukumwa chini ya mwembe, ikabaki hapo. Mjomba alipofariki mkewe akanipigia simu: "Njoo uchukue kopo lenu, kuku wangu wanatagia ndani." Nilipofungua mlango kulikuwa na mayai sita kwenye kiti cha nyuma na kuku mmoja ambaye hakukubali kabisa kwamba gari ni langu.

Kwenye bodi nimeshaliwa pesa. Nililipeleka kwa jamaa mmoja mwenye gereji, jina lake naliacha, nikamlipa milioni 2 na laki 3. Likarudi linang'aa, majirani wakaja kupiga picha. Lakini mimi nimekagua magari yaliyopigwa ajali maisha yangu yote. Nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaivika soksi, nikaanza kuipitisha. Juu ya paa inashika, tap. Kwenye mlango, tap. Kwenye pua, pale juu ya taa ya kushoto, sumaku ikateleza ikaniangukia mguuni. Nikachimba kwa bisibisi. Puti, ule udongo wa kuziba mabati, nene kama kidole changu cha gumba, chini yake wavu wa dirisha, na chini ya wavu gazeti lililokunjwa. Tangazo la vifaranga wa siku moja lilikuwa linasomeka vizuri, hata namba ya simu.

Basi nikaamua: kuanzia hapo nafanya mwenyewe, barazani kwangu, chini ya turubai. Huu ni mwaka wa tatu.

Sasa injini. Iliwaka Novemba, baada ya kusafisha kabureta na kuweka pointi na plagi mpya. Ndani ya Jinja haina neno. Tatizo ni barabara ya Kampala. Navuka daraja jipya vizuri, Njeru vizuri, nikiingia msitu wa Mabira nyuma ya malori ya miwa, gia ya tatu, ya pili, ya tatu, naanza kusikia harufu ya oili iliyoungua. Nikifika Najjembe nikiacha injini inguruke taratibu, taa nyekundu ya oili inaanza kukonyeza. Mara ya mwisho nilisimama hapo dakika 40, nikala kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma), kisha nikageuza nikarudi nyumbani mwendo wa 50.

Mimi nimelelewa na Land Rover. Najua rejeta, najua pampu ya maji. Hii haina hata tone la maji. Nikajiambia: kama inapozwa kwa hewa, basi nipe hewa. Nikatoa ule mpira unaozunguka injini, nikatoa mabati ya chini ya nyuma yaliyoonekana kama yanaziba njia, nikatega boneti ya injini kwa kijiti ikae wazi. Joto likazidi.

Maswali yangu:

Kwanza, joto hili linatoka wapi?

Pili, nilishaagiza pistoni na silinda za upana wa milimita 85.5 ili hii injini ya 1500 (cc) iwe 1600. Zimenigharimu milioni moja na laki moja na ziko chini ya kitanda (mama watoto anaamini ni sufuria). Nizifunge na niongeze kabureta ya pili?

Tatu, mwanangu anasema nitupe yote hayo niweke injini ya Subaru. Mnasemaje? Nataka gari la kuendesha, si la kuangalia. Lakini pia nataka likipita, mtu aliyemjua mjomba alisikie kabla hajaliona.

---

Bati_na_Feni (Nairobi)

Mzee wangu, karibu. Hiyo ya sumaku ndani ya soksi naiiba leo.

Rudisha mpira. Rudisha mabati yote, hata lile dogo unalodhani halina kazi. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu kosa lako hulifanya kila fundi aliyekulia kwenye rejeta.

Feni ya hiyo injini haipulizi hewa ovyo. Inaivuta kutoka chumba cha injini, kupitia zile nafasi za boneti ya nyuma, inaisukuma ndani ya lile sanduku kubwa la bati, na sanduku linaigawa ipite katikati ya mapezi ya silinda na vichwa. Ikishapita imekuwa moto kama pumzi ya jiko, inatoka chini ya gari. Ule mpira unatenganisha ghorofa mbili: juu hewa baridi, chini hewa moto na egzosi. Ukiutoa, feni inavuta ile ile hewa iliyotoka kupika injini, inairudisha ipike tena.

Halafu angalia mkanda. Kwenye hizi mkanda mmoja unazungusha dinamo, na feni imefungwa kwenye shafti hiyo hiyo ya dinamo. Bonyeza kwa gumba katikati: ushuke kama sentimita moja na nusu, usizidi. Kukaza kwake hakufanani na Land Rover. Puli ya dinamo imegawanyika mara mbili na katikati kuna washa nyembamba. Ukipunguza washa za kati mkanda unakaza. Zile unazotoa zipange upande wa nje wa puli, usizitupe, utazihitaji siku ya mkanda mpya.

Valvu nazo: nafasi iwe 0.15 mm, injini ikiwa baridi kabisa, yaani ilale usiku mzima. Ukigusa ukahisi hata uvuguvugu, ahirisha. Oili ni lita mbili na nusu tu, na oili hiyo ndiyo maji yako pia, inabeba joto. Ibadilishe kila kilomita 5,000, na lile chujio la waya chini ulioshe kwa petroli.

Taa ikikonyeza wakati wa mlio wa chini baada ya mlima maana yake oili imekuwa nyepesi kama chai. Inaweza kuwa joto peke yake, inaweza kuwa bearing zimeisha. Hutajua mpaka mabati yarudi.

Na kabla hujafunga chochote cha 85.5, nisomee namba ya injini. Iko chini ya dinamo, kwenye kesi (ganda la injini), pale kigingi cha dinamo kinaposimama. Futa grisi kwa mswaki. Inaanza na herufi gani?

---

Kijana_wa_Ntinda (Kampala)

Mzee, naomba radhi mapema kwa sababu nitamtetea mwanao.

Mimi nina Kombi yenye Subaru EJ20. Spea zake ukienda Kiseka unazipata kabla chai haijapoa, za Ghia unasubiri mtu asafiri. Nguvu ni zaidi ya mara tatu ya zilizokuwepo. Napanda mlima bila kuwaombea malori yahame.

Lakini nisikudanganye. Injini ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Lile bamba la kuunganisha Subaru na giaboksi ya VW, kisha rejeta mbele, mabomba ya maji kupita chini ya gari lote, waya za kompyuta, na mlio… mlio ukawa wa Subaru. Ghia yako mbele ni nyembamba, utaikata pua ile ile uliyotoka kuchimba gazeti. Kwa gari langu la mizigo sikujali. Kwa hilo la mjomba, sijui.

Kitu kimoja ambacho hukuuliza: mpira wa petroli. Kombi yangu ya kwanza iliungua Bwaise, saa mbili asubuhi, watu wanatazama. Mpira ulikuwa umepasuka nyuzi nyuzi, chujio la petroli lilikuwa linaning'inia juu ya distribyuta. Petroli ikadondoka palepale panapotoka cheche. Kesi ya injini hizo ina magnesiamu ndani yake, ikishashika moto ndoo ya maji inauchochea tu. Badilisha mipira yote wiki hii, kila ncha weka klipu, chujio lisikae chumba cha injini, na kile kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta kitikise kwa vidole. Kikicheza, siku moja kitatoka.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Ahsanteni sana. Nimesoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya ndoo nikiitazama injini, nikaona aibu peke yangu. Mabati nilikuwa nimeyatundika ukutani kama picha za harusi.

Kile kijibomba cha shaba kinacheza. Nimekitikisa kidogo tu kikazunguka chote. Mungu ni mwema, na Kijana wa Ntinda pole sana kwa Kombi.

Namba ya injini nimeipiga mswaki. Inaanza na D.

Chesesi chini ya kiti cha nyuma inaanza 148, hiyo nilishaijua.

---

Bati_na_Feni (Nairobi)

Mzee, kaa chini tena kwenye hiyo ndoo.

148: 14 ni Karmann Ghia, 8 ni modeli ya 1968. Gari hilo lilitoka kiwandani na injini ya 1500 ya farasi 44, ambayo namba yake huanza na H. D ni 1200 ya farasi 34. Ni injini ya Volkswagen ya kawaida, ile ya mgongo wa kobe. Mtu aliibadilisha zamani, labda mjomba mwenyewe miaka ile spea zilipokuwa hazionekani.

Hiyo inaeleza nusu ya Mabira. Giaboksi yako, kama bado ni ya kwanza, ilipangwa kwa nguvu za 1500, gia yake ya mwisho ni ndefu kidogo. Umeweka punda mdogo kwenye mkokoteni wa punda mkubwa, ukamfunga pua, ukampandisha mlima.

Na silinda za chini ya kitanda… hazitaingia. 1200 ina silinda za milimita 77 na kranki (shafti kuu ya injini) ya mwendo wa 64. 1500 ina 83 na kranki ya 69. Zile 85.5 hukaa kwenye matundu ya kesi ya 1500 bila kuchonga kitu, ndiyo maana watu wanapenda kuzibadilishana. Kwenye kesi ya D itabidi uchonge matundu, uchonge na vichwa, na ukimaliza kranki bado ni fupi. Usifanye hivyo.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Banange.

Milioni moja na laki moja. Sasa ni sufuria kweli.

Nimekumbuka kitu. Mwaka 1979 vita vilipopita, mjomba alikaa miezi mingi anatembea kwa baiskeli, halafu ghafla gari likarudi barabarani, na mlio ulikuwa umebadilika. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza, akasema "limepata mafua". Kumbe.

Kwa hiyo huu mlio ninaoulinda, mlio ambao mtaa mzima unaujua, wala si wa gari hili. Ni wa D.

---

Mchomeleaji_Mwanza

Shikamoo mzee. Mimi ya injini nawaachia wenyewe, nazungumzia bodi kwa sababu naona umeruka haraka.

Ghia si kama kobe. Kwenye kobe madigadi unafungua bolti unatoa. Kwenye Ghia bodi lote ni kitu kimoja, limechomelewa, na ile pua kule Osnabrück iliunganishwa kwa vipande vingi, maungio yakajazwa madini laini ya kuyeyusha na kupigwa tupa kwa mkono. Ndiyo maana mafundi wengi wanakimbilia puti, hakuna kipande cha kununua dukani ukafunga.

Mambo matatu kutoka kwangu.

Yale madini laini ya maungio yana risasi. Ukipita na grinda unatengeneza vumbi la sumu, na wewe uko barazani, watoto na kuku wapo. Yakwangue kwa mkono, uwe na barakoa ya kweli, lowesha chini, nguo za kazi zisiingie ndani.

Lile sanduku la chuma chini ya mlango, linalopitisha hewa moto ya hita, ndilo uti wa mgongo wa bodi. Ligonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Likilia "tii" ni zima, likilia "puf" limeliwa. Gari lililokaa miaka mingi chini ya mwembe, majani yakioza juu yake, nitashangaa kama halijaliwa. Usilikate kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili. Nilishaona mtu akakata bila kushikilia, gari likakunjika katikati milimita nane tu, mlango haukufunga tena mpaka leo. Anaufunga kwa kamba.

Na chomelea vidonda vidogo vidogo, huku, kisha kule, kisha rudi. Bati la pua ukiliwekea mstari mmoja mrefu linajikunja kama chapati iliyozidi moto. Mimi kwenye pua huweka kitambaa kibichi kando na nasubiri mpaka nishike kwa mkono ndipo naongeza kidonda kingine. Kazi ya kiganja kimoja ilinichukua siku mbili na nusu. Mwenye gari alinidhani mvivu.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Marahaba mwanangu. Nimegonga. Kushoto "tii" mpaka katikati, kisha "puf" mpaka mwisho. Kulia "puf" yote. Nilipogonga karibu na jeki nyundo ikaingia ndani ikabaki imening'inia.

Kwa hiyo Subaru imekufa, nadhani hata mwanangu ameelewa. Alikuwa amesimama hapo nyundo ilipozama.

---

Kijana_wa_Ntinda (Kampala)

Nakubali mzee. Farasi 130 kwenye hiyo sakafu ungeendesha na miguu chini.

Swali dogo: breki za mbele ni diski au drami? Ghia ya 1968 ilipaswa kutoka na diski mbele. Kama waliibadilisha injini, nisingeshangaa wakiwa walibadilisha na hizo.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Diski, ahsante Mungu. Zimeota kutu kama chapa ya kiatu lakini ni diski. Hayo ya breki nayajua, nimefundisha vijana breki miaka mingi. Mipira ya silinda kuu nimeshabadilisha.

---

Mzee_wa_Jabali (Tororo)

Nimekuwa nikiwasoma kimya kimya tangu swali lilipowekwa. Macho hayanipi kuandika sana.

Mwaka 1962 nilikuwa darasa la pili. Safari ya Afrika Mashariki, yale mashindano ya magari, siku hizo ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, walimu wakatuacha tukasimame kando ya barabara. Magari makubwa yalipita na mingurumo, tukashangilia. Halafu ikapita Volkswagen, imejaa matope mpaka madirishani, mlio kama cherehani. Tukaicheka. Ndiyo iliyoshinda mwaka huo. Ilikuwa imeshashinda 1954 na 1957 pia, lakini sisi tungejuaje. Tangu siku hiyo sijawahi kumiliki gari lenye maji.

Bwana Dereva, Nairobi wamekueleza vizuri. Naongeza moja tu. Kipozeo cha oili kwenye injini za umri huo kiko ndani ya sanduku la feni, kimekaa juu ya njia ya silinda namba 3, kushoto upande wa mbele ya gari. Silinda hiyo inapata hewa iliyokwisha pashwa moto na oili, ndiyo maana valvu ya egzosi ya namba 3 hufa kabla ya zote. Kuanzia modeli ya 1971 walikihamisha kipozeo kikapata kijumba chake nyuma ya sanduku. Ukipata sanduku na feni ya namna hiyo, weka. Hayo ndiyo mabadiliko ninayoyakubali, ambayo kiwanda chenyewe kilijisahihisha. Kabureta mbili achana nazo, utatumia Jumapili zako zote kuzipatanisha kama wake wenza.

Na urefu wetu kutoka usawa wa bahari: Jinja na Kampala ni kama mita 1,100 na 1,200, hewa ni nyepesi. Mchanganyiko wa petroli unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi, watu wanadhani ringi zimekufa. Jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ipunguze namba moja au mbili, kisha soma plagi baada ya safari. Ikiwa rangi ya biskuti umefika. Ikiwa nyeupe rudi nyuma haraka, hapo ndipo pistoni hutoboka.

Sasa la maana. Ninayo injini yenye H. Iko ghalani, chini ya magunia ya mtama, tangu 1994. Pistoni zimekwama kwenye silinda, hizo ni za kuvunja. Kranki nilipoijaribu kwa kushika puli na kuivuta mbele nyuma haikugonga.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Mzee, nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye boda, karibu nianguke.

Kwanza niwape taarifa ya mabati. Nimerudisha yote, pamoja na mpira, nilikata mpya kutoka mpira wa mlango wa Hiace, umekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Mkanda ulikuwa unashuka sentimita tatu, nimetoa washa mbili. Valvu mbili zilikuwa hazina nafasi kabisa, moja wapo ya namba 3 kama ulivyosema. Mipira ya petroli mpya, kijibomba nimekigongea upya na kukifungia waya. Kijiti cha boneti nimempa kuku.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikaondoka, bila abiria, na mtungi wa kuzimia moto kwenye kiti. Mabira nikapanda nyuma ya lori la miwa lile lile, au ndugu yake. Najjembe sikusimama. Wale vijana wa kuku walikimbia na vijiti vyao, nikawapungia mkono. Lugazi nikaacha injini inguruke chini: taa haikukonyeza. Nikaenda mpaka Mukono, nikanywa chai, nikarudi. Harufu ya oili ipo lakini ni ya kuvuja, siyo ya kuungua. Hiyo nitaitafuta.

Kwa hiyo D inaweza kunisogeza taratibu mpaka nimalize masanduku ya chini ya mlango, na hayo yatachukua mwaka. Ila ile H naitaka. Bei gani, mzee wangu? Na ukisema pistoni zimekwama, je, vichwa vyake vizima?

Mlio nitauzoea upya. Labda ndio ule nilioujua kabla ya mafua.

---

Bati_na_Feni (Nairobi)

Mzee wa Jabali, ukiniruhusu: kabla ya kufungua kesi, mpime kwa dayo geji (kipimo cha mshale) kucheza kwa kranki mbele nyuma, iwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Mkono peke yake unaweza kudanganya ikiwa oili imeganda ndani tangu 1994.

Na zile 85.5 ziangalieni unene wa ukuta kabla ya kufunga. Kuna watu huuza 87 kwenye boksi la 85.5, hizo ukuta wake ni mwembamba kama kopo la soda, zikipata joto zinapinda.

---

Mzee_wa_Jabali (Tororo)

Nairobi uko sawa, dayo geji sina, aje nayo mwenye nayo.

Bwana Dereva, vichwa kimoja kizima, kingine kina ufa mdogo kati ya valvu na plagi, utakiona, sikufichi. Njoo Jumamosi. Lete soketi ya 36 na bomba la chuma la urefu wa mtu, nati ya flaiwili haijaguswa tangu nilipoifunga mimi mwenyewe na nilikuwa na nguvu. Ukifika Tororo tazama jabali, nyumba yangu iko upande ambao jua linatua, yenye mabati ya kijani. Na hizo silinda zako njoo nazo zikiwa kwenye boksi lake. Nataka kuziona kwanza, ndipo tuzungumze bei.

---

Dereva_Mstaafu (Jinja)

Jumamosi, saa nne. Soketi ninayo. Dayo geji naazima karakana. Bomba nitalifunga juu ya paa la matatu, makondakta watasema, nimezoea.